Wimbo Una Mkataba, Mimi Sina

Kila Ijumaa jioni hapa Uingereza napokea taarifa mbili kwa mpigo. Ya kwanza inatoka redioni: nyimbo zipi zimeshika chati wiki hii. Ya pili inaingia kwenye simu, kutoka kwa wakala wa vibarua: wiki ijayo una zamu ngapi. Huu ni mwaka wangu wa tatu Leicester, na katika taarifa zote mbili sijawahi kusikia nimepanda.

Redio ya ghalani kwetu haizimwi. Imetundikwa karibu na dari, mahali ambapo mkono wa mwenye busara hauwezi kufika. Mimi nasukuma maboksi, yenyewe inaimba. Msimamizi anabadilishwa kila baada ya miezi miwili, nyimbo ni zilezile. Nina hakika ningeulizwa nani bosi wangu na nani yuko namba moja, ningejibu la pili haraka zaidi.

Chukua huu wimbo Mr Brightside wa bendi ya The Killers. Mwaka 2004 ulifika namba 10 na haujawahi kupita hapo. Namba 10! Kwetu shuleni ukishika namba 10 baba anasema "utajitahidi mwakani" na kuku haichinjwi. Lakini wimbo huu ulipoona juu hakupandiki, ukapiga kambi. Umeshapita wiki 400 ndani ya nyimbo 100 bora, yaani zaidi ya miaka saba ukijumlisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hajapewa hata ufagio. Mimi nilikwenda Luton kwa binamu yangu nikakae wiki mbili, siku ya tisa mke wake akaniuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, hizi treni za kurudi Leicester ni za saa ngapi vile?"

Na usidhani haya mambo ya chati yaliletwa na malaika. Novemba 1952, Percy Dickins wa gazeti la New Musical Express alikamata simu, akapigia maduka kama 20 ya santuri, akauliza nini kinanunuliwa, akajumlisha. Basi. Wa kwanza kukaa kileleni akawa Al Martino, wiki tisa. Wimbo wa kwanza kabisa, hauna uzoefu, hauna barua ya mdhamini, unapewa wiki tisa! Mimi nilipofika ghalani niliambiwa nipo kwenye majaribio, na sijawahi kuambiwa yameisha.

Mwaka uliofuata Frankie Laine akakaa namba moja wiki 18. Alitolewa, akarudi, akatolewa, akarudi tena, kama mtu aliyesahau funguo. Halafu mwaka 1991 Bryan Adams akakaa wiki 16 bila kushuka hata siku ya kwenda chooni. Wiki 16 ni karibu miezi minne, nchi nzima inaamka na wimbo mmoja. Wet Wet Wet nao mwaka 1994 walifika wiki 15, hadi bendi yenyewe ikachoka, wakataka nakala zisitengenezwe tena. Hao ndio waungwana pekee katika historia hii. Walijua kuaga.

Sasa njoo kwa Ed Sheeran. Machi 2017 alitoa albamu yenye nyimbo 16, na zote 16 zikaingia ndani ya 20 bora wiki moja. Nyimbo nne tu ndizo zilizobakiwa na pa kukaa, zikiwa zimebanana kama abiria wa kiti cha nyuma. Kwetu ghalani yupo jamaa wa hivyo: ovataimu ikitangazwa, kabla hujavua glavu ameshaandika jina Jumatatu, Jumanne na Jumapili yote. Ila Waingereza wa chati walichukua hatua. Julai ileile wakaweka kanuni, msanii asiwe na nyimbo zaidi ya tatu kwa wakati mmoja. Yule wa ghalani hana kanuni.

Wakaongeza nyingine inayonifurahisha moyoni. Wimbo ukishakaa wiki kadhaa, halafu ukashuka wiki tatu mfululizo, kule kusikilizwa kwake mtandaoni kunaanza kuhesabiwa nusu. Umezeeka, kazi ni ileile, malipo nusu. Niliposikia hivyo niliona kumbe na nyimbo ni vibarua wenzetu.

Ikifika Novemba, nyimbo za Krismasi zikianza, ndiyo balaa. Kuanzia 2018 hadi 2022, Krismasi tano mfululizo, namba moja ilikuwa ya LadBaby, jamaa anayeimba kuhusu soseji iliyovikwa unga ikaokwa. Mapato yalikwenda kwenye benki za chakula, zinazowagawia chakula wasio nacho, kwa hiyo siwezi kumsema sana. Ila mimi soseji ya nguruwe siili, na miaka yote niliyokuwa hapa naimbiwa.

Kidogo nimwonee huruma George Michael, mwimbaji wa kundi la Wham!. Wimbo wao Last Christmas ulitoka mwaka 1984 ukazuiwa namba mbili na Band Aid, wasanii walioimba kuchangia njaa ya Ethiopia. Ukawa unarudi tena na tena unabisha hodi. Kilele ukakipata Januari mosi 2021, baada ya miaka 36. Mwenyewe alishafariki, tena siku ya Krismasi, 2016. Hapo huwa nanyamaza, nasukuma boksi taratibu.

Kunyamaza kwenyewe hakudumu, maana yupo mzee mmoja wa Unguja tunayeswali naye Ijumaa. Ukitaja chati mbele yake umekwisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umesikia? Albamu iliyouzwa kuliko zote Uingereza ni ya mtoto wetu."

Anamaanisha Freddie Mercury wa Queen, na hakosei: alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, na Greatest Hits yao ya 1981 imepita milioni saba. Wimbo wao Bohemian Rhapsody ulishika namba moja Krismasi ya 1975, ukashika tena ya 1991, mwezi mmoja baada ya mwenyewe kufariki. Yote hayo mzee anayo kichwani, na anayasema kama alimbeba mgongoni.

"Mzee wangu, hebu niimbie hata ubeti mmoja."

Akaniangalia muda mrefu. "Mwanangu, mimi ni mtu wa taarabu."

Ijumaa iliyopita simu ikatetemeka mfukoni saa za kufunga kazi. Wakala: wiki ijayo hakuna zamu, tutakuarifu. Nikavua glavu, nikavaa koti, nikasogea mlangoni. Na hapohapo ile gitaa ikaanza kule juu darini. The Killers wale wale, wa 2004. Wenzangu wakaacha maboksi, wakapaza sauti, na mimi nikajikuta naimba nao, neno kwa neno, mlango wazi, baridi yote inaniingilia.

Ulipoisha, msimamizi mpya alikuja akicheka, akanipa mkono, akaniuliza naitwa nani na nimeanza lini.