GG Tauri A: gesi baridi ya ALMA na mstari wa mikromita 2.122

Tangu ALMA, darubini ya redio iliyoko Chile, ilipoonyesha, mwaka 2014, gesi baridi ndani ya pengo la GG Tauri A, yaani nafasi kati ya nyota hizo changa na pete ya gesi na vumbi inayozizunguka, wapo wanaoona spektroskopia ya infraredi, yaani kuuchambua mwanga huo mstari kwa mstari, imepitwa na wakati kwenye nyota pacha changa. Hoja yao ina uzito. Pete inayozizunguka nyota hizi, kwenye kundinyota la Ng'ombe si mbali na Kilimia, ina nusu kipenyo cha vizio vya astronomia 180 hadi 260 (kizio kimoja ni umbali wa Dunia na Jua), na gesi yake karibu yote ni baridi. Mstari wa haidrojeni wa mikromita 2.122, yaani mwanga wake kwenye urefu huo wa wimbi, kwa kawaida huhitaji gesi ya kelvini elfu moja na zaidi. Anayepima tungamo lote kwa mstari huo atakosea vibaya.

Ila tungamo si swali pekee. Nyota kuu mbili zimeachana vizio kama 35 tu na bado zinameza gesi. Diski zao ndogo zingekwisha mapema kama pete isingezilisha. Gesi inayovuka pengo ikizigonga diski hizo hupata joto ghafla, na uchunguzi wa NIFS, spektrografu ya infraredi kwenye darubini ya Gemini Kaskazini, Hawaii, uliotoka 2012, ulikuta mng'ao huo wa haidrojeni ndani ya pengo.

Je, ni mgongano kweli, au ni urujuanimno wa nyota? Gawanya nguvu ya mstari mwingine wa haidrojeni, wa mikromita 2.248, kwa ile ya 2.122: mgongano hutoa takriban 0.1, urujuanimno takriban 0.5. Mistari hii iko karibu, hivyo vumbi huififisha karibu sawa na uwiano unabaki salama. Hatari iko kwenye usafishaji. Mstari wa 2.248 ni dhaifu, na umekalia mwanga wa nyota uliojaa mabonde ya metali, yaani sehemu ambapo metali za nyota zimefyonza mwanga. Usipoondoa kwanza spektra ya nyota ya aina ileile, kilima kati ya mabonde mawili kitahesabiwa kuwa haidrojeni, uwiano utapanda, na mgongano utasomeka kama urujuanimno. Nyota ya A0, nyota nyeupe yenye joto inayotumiwa kuondoa athari za hewa yetu, nayo ina bonde lake la Brackett gamma, mstari wa haidrojeni unaoashiria gesi inayomezwa, kwenye 2.166; ukilisahau, utaona gesi ikimezwa mahali isipomezwa.

Kwa kupima kasi ndogo za gesi, ALMA inashinda: NIFS haitenganishi chini ya kilomita 60 hivi kwa sekunde. Spektrografu kali ya mikromita 4.7 hufika kilomita chache, kwa monoksidi ya kaboni yenye joto. Tatizo ni kwamba hewa yetu ina monoksidi hiyohiyo. Nyota za Ng'ombe hulikimbia Jua kwa kilomita 18 hivi kwa sekunde. Mwishoni mwa Februari Dunia nayo inaziacha kwa karibu 30, na mistari yao, ikisogezwa na mwendo huo, huchomoza pembeni mwa kivuli cha monoksidi ya hewa yetu. Oktoba Dunia huzikaribia, na mistari hiyo huzama humo.