Kutalii ukiwa sebuleni: nauli yako imelipwa na nani?

Viza ya Schengen, ile inayomruhusu mtu kuingia Ufaransa, Ujerumani au Uhispania, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Ya matembezi Marekani ni dola 185. Hela hiyo unailipa unapoomba, na ukinyimwa hairudi. Hapo hujagusa tiketi ya ndege, wala karatasi za benki, wala basi la kwenda Dar es Salaam au Nairobi kuchukuliwa alama za vidole kwa anayekaa Sumbawanga au Lodwar. Kwa wengi wetu kitabu na filamu ndiyo njia pekee ya kuifikia dunia. Kwa sababu hiyo inafaa kuijadili njia hii kwa uzito kuliko tunavyofanya tunapoambiana kwamba kusoma ni kusafiri bila nauli. Nauli ipo. Mara nyingi kuna mtu ameilipa kwa niaba yetu, na aliyelipa ndiye aliyechagua tupite wapi.

Nianze na wanaoitetea, kwa sababu hoja yao ni nzito. Mwaka 2011 TBC, televisheni ya taifa ya Tanzania, ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, ile ya Doudou na mama wakwe zake. Kufikia wakati huo Watanzania walikuwa wamewazoea Wachina kwa miongo kadhaa. Walijenga nao reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, walivaa khanga na vitenge vya kiwanda cha Urafiki, walitibiwa na madaktari wao. Lakini nyumbani kwa Mchina hawakuwahi kuingia. Tamthilia ile ikawaingiza. Doudou ameolewa na kijana ambaye wazazi wake waliachana na baba akaoa tena, kwa hiyo ana mama mkwe aliyemzaa mumewe na mama mkwe wa kambo, na wote wawili wanataka kusikilizwa. Kuna wifi. Kuna fleti isiyotosha, kuna fedha zisizotosha, kuna mume anayevutwa huku na huku asijue amuudhi nani. Mama wa Kariakoo aliyekuwa akiitazama baada ya kufunga genge hakuhitaji kuelezwa ugomvi ule unatoka wapi.

Sasa mchukue mtu aliyekwenda Beijing kweli, kwa siku saba, na kundi la watalii. Ataona ukuta, ataona jumba la wafalme, atalala hotelini na kununua zawadi. Ugomvi wa mkwe na mama mkwe hatauona, na akiuona hataelewa unahusu nini. Kwa jambo hili, aliyebaki nyumbani amefika mbali kuliko aliyepanda ndege. Na kitabu kinakwenda mbele zaidi ya filamu, kwa sababu kinakuingiza kichwani mwa mtu: kinakwambia anachoogopa kusema, anachokumbuka akiwa peke yake, anavyohesabu akiba yake usiku. Hakuna viza inayofungua mlango huo.

Halafu kuna kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyeshea filamu. Anayekidharau labda hajakaa ndani mpaka muvi iishe. Nje kuna ubao wa chaki wenye ratiba: mchana muvi ya Kikorea, jioni ya Kihindi, usiku mpira. Ndani kuna mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa turubai, watoto wamekaa chini mbele kabisa, shingo juu. Na juu ya sauti ya filamu kuna sauti ya mtu anayetafsiri. Tanzania alivuma Lufufu, Kenya anavuma DJ Afro, Uganda wapo wanaoitwa VJ. Mtafsiri huyu hafuati neno kwa neno. Anakueleza nani ni ndugu ya nani, anamwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango, anakuambia kwa nini kijana ameinama mpaka kiuno mbele ya mzee. Wengi wao hawajui Kikorea wala Kichina. Wanategemea maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na yakiwakimbia wanatunga. Wasomi wengi wanalilalamikia hilo. Mimi naona faida inazidi hasara. Mtoto anayetazama filamu ya kigeni huku akisikia mtu mzima akiifafanua kwa lugha yake anajifunza kwamba ya ugenini yanaelezeka, kwamba wale watu wana sababu za kufanya wanayoyafanya. Mtoto anayetazama filamu hiyo hiyo kwa Kiingereza asichokielewa anaambulia mapigano tu.

Upande wa pili nao una hoja, na ya kwanza ni kwamba mara nyingi unachokiona si pale unapodhani. Miaka ya 1960 na 1970 majumba ya sinema ya pwani yetu yalipenda sana filamu za kauboi zilizotengenezwa na Waitaliano. Watu walitoka wakiamini wameiona Marekani: jangwa lile, miamba ile, miji ile ya mbao yenye vumbi. Zilizovuma kuliko zote zilipigwa sehemu kubwa katika jangwa la Tabernas, mkoa wa Almería, kusini mwa Uhispania. Ndivyo ilivyo pia kwa milima ya theluji kwenye filamu nyingi za Kihindi. Machafuko yalipoifanya Kashmir kuwa mahali pa hatari kuelekea miaka ya 1990, watengeneza filamu wa Bombay walihamia Uswisi kupiga nyimbo zao, kiasi kwamba mji wa Interlaken umemsimamishia sanamu mwongozaji Yash Chopra. Mtazamaji wa Tanga aliyeota India yenye theluji alikuwa akiiota Uswisi.

Hilo unaweza kulisamehe. Mchezo ni mchezo. Lisilosameheka upesi ni pale sehemu inapokuwa ya kweli na picha bado inakupotosha. Mfano ninaoutumia kila mara ni filamu ya Marekani iitwayo Hatari!, ya mwaka 1962, iliyopigwa Tanganyika, maeneo ya Arusha, na stelingi wake alikuwa John Wayne. Ardhi ni yetu kabisa. Kifaru ni kifaru wa kweli, vumbi ni vumbi la kweli. Hadithi ni ya wageni wanaokamata wanyama na kuwauza kwa bustani za maonyesho za nchi za nje. Sasa tazama tarehe. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Filamu ile ilitengenezwa katika kipindi kile kile ambacho watu wa nchi hii walikuwa wakijiandaa kujitawala, na hayo si sehemu ya hadithi yake. Mtazamaji wa Chicago aliyekaa kwenye kiti chake mwaka 1962 akaamini ameitembelea Tanganyika alirudi nyumbani anawajua twiga na mbio za magari, asimjue mwalimu wa shule, karani wa ushirika wala mama wa TANU, chama kilichopigania uhuru. Kama sisi tulionekana hivyo, tuna sababu gani ya kuamini kwamba Mexico, Colombia au Afghanistan wanaonekana vizuri kwenye filamu hizo hizo tunazozitazama leo?

Hoja yao nyingine ni ya ndani zaidi. Msafiri wa kweli anatazama huku naye akitazamwa. Mtu anamwangalia viatu, anamcheka lafudhi, anamkatalia chumba, anampa maji bila kumwomba chochote. Yote hayo yanamfundisha yeye ni nani machoni pa wengine. Kwenye kochi hakuna anayekuangalia. Unaweza kumhukumu kila mtu kwenye kioo na hakuna atakayekujibu.

Hapa namkumbuka Salim bin Abakari. Mwaka 1896 alifuatana na Mjerumani aliyekuwa akimtumikia, Bumiller, kutoka Berlin hadi Urusi na Siberia, na wakapita Asia ya Kati. Masimulizi yake yalitoka kwa Kiswahili mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten wa safari za Waswahili. Mtu mweusi katika miji ya Siberia ya karne ya 19: alitazama, na bila shaka alitazamwa sana. Hata hivyo, nauli yake ililipwa na bwana wake, na njia ilichaguliwa na bwana wake. Alikwenda kama mtumishi. Kumbe kusafiri kwa kweli hakukuokoi na swali la nani amelipa. Kilichokuwa chake ni macho na lugha. Aliipima Urusi kwa kipimo cha mtu wa kwao, akaisimulia kwa maneno ambayo watu wa kwao wangeyaelewa. Ndiyo maana nadhani mjadala wa kwenda au kubaki nyumbani unatupotezea muda. Swali linalofaa ni nani anasimulia, kwa ajili ya nani, na kwa fedha za nani.

Tukiliuliza swali hilo kwa Kiswahili, historia inajibu waziwazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kwanza wa kamati ya kikoloni ya kusanifisha Kiswahili, alitafsiri vitabu vya Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa hapa. Kimojawapo ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ya Waingereza wanaokuja Afrika kutafuta almasi. Fikiri maana yake: mwanafunzi wa Kiafrika anapewa kitabu cha kumfungulia dunia, na dunia anayopelekwa ni Afrika ya kubuni ya Mwingereza. Baadaye mashirika ya uchapishaji ya Moscow, Progress na Raduga, yalichapa vitabu vya Kiswahili vilivyouzwa rahisi. Watu wa rika fulani walikua wakizijua mbweha, theluji na mabibi wa Kirusi kutokana navyo, na wanavikumbuka kwa upendo. Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991, mkondo huo ukakauka. Hamu ya wasomaji ilikuwepo vilevile. Aliyekuwa akilipa ndiye aliyeondoka. Na Doudou? Machi 2013, Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam, aliitaja tamthilia ile kama kitu kilichowawezesha Watanzania kuyajua maisha ya kawaida ya familia za Kichina. Ni kweli iliwawezesha. Ni kweli pia kwamba serikali ya China ilitaka ajulikane Mchina wa aina ile, wa mjini, mwenye matatizo ya wakwe. Kibarua aliyetoka kijijini kujenga maghorofa ya Beijing si yeye ambaye hadithi ile inamfuata. Leo ni zamu ya tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili, zikiwa na masultani wao na mapenzi yao.

Sisemi tuzizime. Mimi nipo upande wa wanaotetea utalii wa sebuleni, tena bila kusitasita, kwa sababu mbadala wake kwa watu wengi ni kutoijua dunia kabisa. Ninachodai ni kwamba nchi moja isifikiwe kwa njia moja. Ukishamaliza tamthilia ya masultani, tafuta riwaya ya Mturuki anayeandika juu ya Istanbul ya sasa. Ukishaitazama filamu ya Kimarekani inayoonyesha Mexico yenye rangi ya kahawia na wauza unga, tafuta filamu ya Wameksiko wenyewe. Mwandishi anayewaandikia watu wa kwao haelezi vitu kwa ajili yako, na pale asipoeleza ndipo unapojua umefika ugenini.

Ugumu ni kwamba njia hiyo ya pili kwa Kiswahili karibu haipo. Mwaka 1963 Nyerere alitoa tafsiri yake ya Juliasi Kaizari wa Shakespeare na mwaka 1969 Mabepari wa Venisi. Rais wa nchi, pamoja na shughuli zote za taifa changa, aliona kazi hiyo inastahili usiku wake. Baada yake tafsiri za fasihi ziliendelea kwa kudondoka, kitabu hapa, kitabu pale. Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Inasimulia pwani yetu na misafara ya bara. Kwa Kiswahili ilifika mwaka 2022, kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Miaka 28 kurudi nyumbani.

Kama hadithi ya kwetu ilichukua muda huo, ya jirani itachukua mingapi? Paulina Chiziane wa Msumbiji alipata Tuzo ya Camões mwaka 2021, ambayo ni kubwa kuliko zote kwa waandishi wa Kireno. Anaandika juu ya ndoa za mitala, juu ya wanawake wa kusini na wa kaskazini ya nchi yake na mila zinazowatenganisha, mambo ambayo mtu wa Mtwara angeyasoma huku akitikisa kichwa kwa kuyafahamu. Mtwara na Msumbiji zinatenganishwa na Mto Ruvuma, na Daraja la Umoja juu ya mto huo lilifunguliwa mwaka 2010. Katika maduka ya vitabu ninayoyajua sijakiona kitabu chake hata kimoja kwa Kiswahili. Msomaji wa Masasi anaweza kuijua Seoul mtaa kwa mtaa leo jioni, kwa bando la elfu moja, asijue wanawake wa ng'ambo ya mto wanasimulia nini juu ya maisha yao.

Watu wa kuifanya kazi hiyo hawawezi kukosekana. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na tangu enzi hizo kuna familia nyingi pande zote mbili zinazoongea Kiswahili na Kireno kwenye meza moja ya chakula. Wachapishaji wetu wanasema tafsiri haiuzi, na kwa hesabu za duka wana haki. Lakini Moscow haikusubiri hesabu za duka, wala Beijing. Walitenga fedha kwa sababu walitaka tuwaone. Wizara zetu za utamaduni, Dodoma na Maputo, zikikubaliana kulipia hata vitabu viwili kwa mwaka, kimoja kuvuka kwenda na kingine kuvuka kuja, itakuwa mara ya kwanza kwa msomaji wa Masasi kusafiri kwa nauli iliyolipwa na watu wanaomtakia amjue jirani yake.