Kabla ya Brussels, tumalizane kwanza Namanga

Tangu Kenya isaini mkataba wake wa biashara na Umoja wa Ulaya, kila nikipiga simu nyumbani kuna mtu ananiuliza: na sisi Tanzania lini? Wanadhani kwa kuwa naishi Uholanzi nitakuwa na jibu. Jibu langu huwaudhi wengi. Mimi nasema tuache kwanza habari za Brussels, kwenye makao ya Umoja wa Ulaya, twende Namanga, mpakani kwetu na Kenya.

Niko kusini mwa Uholanzi, mwendo wa baiskeli kutoka Ubelgiji. Hapa jirani kuna mji mdogo, Baarle, ambao mpaka wa nchi hizi mbili unapita katikati ya maduka na sebule za watu. Umechorwa barabarani kwa misalaba myeupe, upande huu NL, upande ule B, na nyumba huhesabiwa ya nchi ile ulipo mlango wake wa mbele. Wakati wa korona mwaka 2020 Ubelgiji ilifunga maduka ya nguo, Uholanzi haikufunga, basi duka moja likawekewa utepe katikati: nusu inauza, nusu imefungwa. Watu walicheka sana. Ila ukiacha vituko hivyo, muuza nyanya wa Baarle hana habari na mpaka. Anapakia, anavuka, anauza.

Shangazi yangu anauza nyanya na vitunguu Namanga. Kwa sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wake ukiwa umelimwa ndani ya nchi wanachama na thamani yake haizidi dola 2,000, anajaziwa cheti chepesi cha uasili wa bidhaa na halipi ushuru wa forodha. Kituo cha pamoja cha mpakani kipo, kizuri kabisa, walikizindua Magufuli na Uhuru Kenyatta Desemba 2018. Tatizo ni kwamba afisa wa asubuhi anasema karatasi zimetosha, wa zamu ya jioni anataka nyingine, na nyanya hazisubiri. Mwishowe mzigo unapanda bodaboda na kupita njia za panya, halafu tunaambiwa wafanyabiashara wadogo hawapendi kufuata sheria.

Na hapo sijagusa marufuku za ghafla. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, malori yakabaki mpakani na mali za watu. Sisi nasi si malaika: mwaka 2017 tuliteketeza maelfu ya vifaranga vilivyotoka Kenya, na Julai 2025 tukatoa orodha ya biashara ndogo ambazo mgeni haruhusiwi kufanya, na Mkenya yumo humo humo kwenye "mgeni". Sumukuvu ni hatari kweli, sibishi. Ila hatari ya namna hiyo unaipimia maabara mzigo kwa mzigo, huamki tu asubuhi na kufunga nchi.

Wazungu nao walianzia huko huko. Ujerumani iliwahi kuzuia kileo cha Kifaransa kwa hoja kwamba kina nguvu ndogo mno kuitwa kileo! Kesi ikafika mahakama ya jumuiya yao kule Luxembourg, na mwaka 1979 ikaamuliwa kuwa bidhaa inayouzwa kihalali nchi moja isizuiwe nchi nyingine bila sababu nzito. Sisi tuna Mahakama ya Afrika Mashariki pale pale Arusha. Muulize mfanyabiashara yeyote wa Namanga kama anajua anaweza kwenda kushtaki.

Sasa tazama tulivyokwenda mezani na Ulaya. Mazungumzo ya mkataba wa ubia wa kiuchumi, ule wa EPA, yalimalizika Oktoba 2014 tukiwa Jumuiya moja. Wao nchi 27 leo zina msemaji mmoja wa biashara. Sisi mwaka 2016 Kenya na Rwanda wakasaini, Tanzania ikagoma, rais mstaafu mzee Mkapa akiwa mstari wa mbele kuupinga, na Bunge letu likaukataa. Kenya ikaendelea peke yake: Desemba 2023 ikasaini, Julai 2024 mkataba ukaanza kazi.

Siwalaumu Wakenya. Sisi tumo kwenye kundi la nchi maskini zaidi, bidhaa zetu zinaingia Ulaya bila ushuru hata tukikaa kimya. Kenya haimo. Mwisho wa 2014, mkataba ulipochelewa, maua yao yalitozwa ushuru kwa karibu miezi mitatu, na anayekata maua Naivasha hawezi kula mshikamano. Hata kukataa kwetu nakuunga mkono, maana viwanda vichanga vilihitaji kinga. Kinachonikera ni kwamba baada ya kukataa hatukuja na pendekezo letu, na kwa miaka mingi maparachichi ya Njombe yaliendelea kupitia Mombasa kufika huku.

Mkataba wa Kenya umeacha nafasi kwa wanachama wengine wa Jumuiya kujiunga, kwa hiyo tutashawishiwa tena. Kabla hatujajibu, ningependa mawaziri wakubaliane jambo moja Arusha: hakuna nchi kuzuia bidhaa ya mwenzake bila notisi ya siku 30 na majibu ya maabara mezani. Waanze na mahindi. Maziwa, vifaranga na hiyo orodha yetu ya wageni vifuate.