Vikao vya bodi ya shule vilistahili aya zaidi

Mwandishi wa habari ya tanzia ya marehemu wakili wetu ametumia aya tatu kwa kesi alizoshinda, halafu miaka yake kwenye bodi ya shule za umma ikapata sentensi moja. Mimi ningepindua. Kesi alilipwa. Bodini aliketi bure, usiku, akisoma mikataba ya ujenzi kifungu kwa kifungu huku wenzake wakipiga miayo.

Kijana wangu aliposimamishwa shule, marehemu ndiye aliyenieleza kwamba hapa Marekani, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1975 katika kesi ya Goss dhidi ya Lopez, mwanafunzi wa shule ya umma lazima aambiwe kosa lake na apewe nafasi ya kujieleza, hata adhabu ikiwa ya siku 10 tu. Alinieleza tukiwa tumesimama mlangoni mwa ofisi yake, koti mkononi, akiwahi kuwachukua wanawe. Hakunidai hata senti.

Na hao wanawe (hili habari imelipita kabisa) wote walisoma shule hizohizo alizozipigania, ingawa uwezo wa kuwapeleka za binafsi alikuwa nao.

Poleni sana, mama na watoto.