Majibu ya Homa ya Ini B na Ndugu Anayetaka Kuchangia Uboho

Karatasi ya maabara ya vipimo vya homa ya ini B aliyonionyesha jirani yangu wa Kayole ilikuwa na mistari mitatu: antijeni ya uso (protini ya ganda la nje la virusi), hasi; kingamwili ya kiini (kinga ya mwili dhidi ya sehemu ya ndani ya virusi), chanya; kingamwili ya uso (kinga dhidi ya ganda hilo), chanya. Dada yake ana saratani ya damu na anahitaji kupandikizwa uboho, na jirani yangu ndiye pekee aliyelingana naye kwa aina ya tishu, kwa kuwa kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 tu kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Alipoona neno "chanya" alikata tamaa.

Aliyechanjwa tu huwa na kingamwili ya uso peke yake. Majibu ya jirani yangu ni ya mtu aliyewahi kuambukizwa na mwili wake ukavidhibiti virusi. Mwenye maambukizi sugu ni yule ambaye antijeni yake ya uso hubaki chanya kwa zaidi ya miezi 6.

Wanaotaka kila aliyewahi kuambukizwa, awe amepona au ana maambukizi sugu, akataliwe kuchangia uboho wana hoja nzito. Kabla ya kupandikizwa, mpokeaji hupewa dawa zinazoangusha kinga yake, na virusi vikimpata katika hali hiyo vinaweza kumharibu ini vibaya. Kwa mchangiaji asiye wa ukoo, mimi pia ningemkataa mwenye maambukizi sugu na kutafuta mwingine, ingawa Waafrika ni wachache mno katika madaftari ya kimataifa ya wachangiaji.

Kwa ndugu, hata hivyo, mizani hubadilika, kwa sababu saratani ya damu haingoji. Virusi hivi makao yake makuu ni seli za ini, ndiyo maana aliyepona ni wa hatari ndogo akichangia uboho kuliko akichangia ini lenyewe. Hata mwenye maambukizi sugu anaweza kufikiriwa, iwapo atatumia dawa za kuzuia virusi, entekaviri au tenofoviri, mpaka virusi visionekane katika damu, na mpokeaji naye akingwe kwa dawa, na kwa chanjo muda ukiruhusu. Tena mchangiaji mwenye kinga wakati mwingine humpitishia mpokeaji kinga hiyo.

Jirani yangu hajapimwa DNA ya virusi, yaani kipimo kinachoonyesha kama virusi vyenyewe bado vimo katika damu, na kumkataa kabla ya kipimo hicho ni kumwonea dada yake. Dada naye apimwe, kwani kama aliwahi kuambukizwa, matibabu yenyewe yanaweza kuviamsha virusi vyake hata uboho ukitoka kwa mtu asiyewahi kuugua.