Mfalme wa Tatu Yuko Njiani

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na sijawahi kusikia kwamba kati yao kuna aliyefika amevaa pazia. Mimi, kitukuu wa watu waliobatizwa Machame, nilipopelekwa kujitolea Saksonia, jimbo la Ujerumani ulipo mji huo wa Leipzig, nilifika kanisani nimevaa pazia.

Siku za kazi nilikuwa Leipzig kwenye nyumba ya wazee. Nikipata nafasi napanda treni kwenda milima ya Erzgebirge kuwasaidia vijana wa usharika mmoja mdogo. Upande ule wa Ujerumani, watoto wengi wa miaka 14 hawapati kipaimara. Wanafanyiwa Jugendweihe, sherehe ya kuingia utu uzima isiyomtaja Mungu, iliyokolezwa enzi za ukomunisti na haijaondoka. Basi wale wachache waliobaki kanisani hufanya kila kitu wenyewe. Ndio wapiga tarumbeta, ndio wauza keki, na mkesha wa Krismasi ndio waigizaji.

Wakati wa kugawa nafasi za mchezo, kikao kikafika kwa Balthazari, mmoja wa mamajusi watatu, yule mfalme ambaye kwenye picha zao mara nyingi huchorwa mweusi. Kimya. Kila mtu akaangalia viatu vyake. Kumbe zamani walikuwa wanampaka masizi kijana mmoja, siku hizi jambo hilo lina ugomvi mkubwa, na sasa nimekaa pale mbele yao na sihitaji kupakwa kitu. Mwishowe binti mmoja, mkali kama mwenyekiti wa kwaya, akaniuliza kwa uoga iwapo nitaona nadharauliwa. Nikamwambia Moshi kila Krismasi nilipewa upunda, tena mara nyingine miguu ya nyuma. Ufalme naupokea kwa mikono miwili.

Joho lilikuwa pazia la zambarau la ukumbi wa usharika. Likawa fupi kwangu, nikaenda nalo Leipzig kuliongeza upindo. Tarehe 24 nikapanda treni ya mapema na joho langu, taji na kisanduku cha dhahabu cha manemane. Ibada saa kumi jioni, muda ninao tele.

Baada ya Chemnitz treni ikasimama msituni. Theluji imeangusha mti, mti umelalia reli. Nikaandika kwenye kundi la wasapu la vijana. Binti mwenyekiti akajibu kwa herufi kubwa: VAA HUMO HUMO, UKISHUKA KIMBIA.

Kuvaa pazia kwenye choo cha treni ni kazi ya watu wawili. Nilipotoka, taji kichwani, behewa zima likageuka. Bibi mmoja akafurahi sana. Kule kwao, mwanzoni mwa Januari, watoto huvaa kifalme wakapita nyumba kwa nyumba wakiimba na kuchangisha, na yeye akaona safari hii wametangulia. Akafungua kisanduku changu akatia sarafu mbili. Jirani yake naye akatia. Mwingine, pengine hakuwa na chenji, akatia kipande cha keki ya Krismasi, ile yenye zabibu na sukari ya unga. Nikajaribu kueleza kwa Kijerumani changu cha kuombea chumvi, wakazidi kutia.

Akaja mkaguzi. Tiketi iko kwenye simu, simu iko mfuko wa suruali, suruali iko chini ya joho, na joho nimelifunga kwa pini. "Taratibu tu, Mtukufu Mfalme," akasema bila kutabasamu. Nilipoikamata simu, ikaita. Mama. Kidole kikateleza, video ikafunguka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umevaa pazia?"

Nyuma yake ukoo mzima umeshapanda Machame kwa Krismasi, moshi wa nyama umejaa uwanja. Baba mdogo akainyakua simu. "Huyo mwenye sare nyuma yako ni polisi? Umefanya nini?" Mtandao ukakatika hapo hapo.

Kanisani, kama walivyonisimulia baadaye, wenzangu walikuwa wakivuta muda. Malaika alitangaza habari njema mara tatu. Herode, ambaye ndiye yule binti mwenyekiti, aliwazuia Kaspari na Melkiori mpakani akawadai cheti cha chanjo ya ngamia, kisha kibali cha makazi, kisha nakala ya kibali iliyogongwa muhuri. Kanisa lilikuwa limefurika, maana hata wasiokanyaga kanisani mwaka mzima huja jioni hiyo, na watu walikuwa wakilia kwa kucheka. Mwishowe mchungaji akakata tamaa. Taa zikazimwa, mishumaa ikawaka, wakaanza kuimba Usiku Mtakatifu kwa sauti ya chini kabisa.

Ndipo nikausukuma mlango. Nimekimbia mlima mzima kwenye barafu, sioni wala sisikii, nina sentensi moja tu kichwani. Nikaipiga kwa nguvu zote: "Yuko wapi mfalme aliyezaliwa?"

Wimbo ukakatika. Mtoto mmoja akapaza sauti: "Huyu ndiye wa kweli!"

Nikaanza kutembea kwa madaha kuelekea hori. Viatu vina theluji, sakafu ni ya mawe. Kondoo wawili wa darasa la pili walikuwa wamelala njiani, nikamruka wa kwanza. Wa pili akaamua kusimama. Kisanduku kikapaa, manemane ikafunguka, na sarafu zikatawanyika hadi chini ya madhabahu. Keki ikaangukia mapajani mwa Mariamu, akaanza kuila. Yusufu alisimama juu ya sarafu moja na hakuinua mguu mpaka baraka za mwisho.

Zilizobaki mchungaji aliziokota akazitia kwenye sadaka. Na sadaka ya jioni ile huenda Brot für die Welt, shirika lao la misaada, lenye miradi mingi Afrika. Kwa hiyo nilichangiwa kwenye treni ili nichangiwe tena.

Usiku, familia iliyonipokea ikaandaa meza. Kwao bata bukini huliwa kesho yake. Mkesha ni saladi ya viazi, baridi, na soseji mbili. Mama akapiga tena, akataka kuona wamenichinjia nini. Nikageuza kamera.

Akatazama, akamwita baba mdogo aje ashuhudie. Baba mdogo akasogeza uso mpaka nikaona pua tu.

"Muulize," akasema, "kama nauli ya kurudi anayo."