Kiingereza cha wenyewe na kile kinachowanyamazisha watoto wetu

Sekondari kule Tanga tulifundishwa kwamba "us" ni sisi, watu wawili na kuendelea, na kwamba "was" ni ya mmoja na "were" ni ya wengi. Aliyechanganya alizomewa na darasa zima. Mwalimu naye akicheka, basi mtoto yule hakunyoosha tena mkono hadi shule inafungwa. Leo naishi Barnsley, kaskazini mwa Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee, na kutwa nawasikia wenye lugha yao wakisema "I were", "we was", "give us it". Kwa niliyoyasikia huku nasema bila kumung'unya maneno: kukitumia Kiingereza kupimia akili za watoto, kama tunavyofanya nyumbani, ni kuwadhulumu, na kipimo chenyewe hata Waingereza hawakitimizi.

Yupo mzee mmoja ninayemhudumia. Alikuwa mchimba makaa ya mawe, kama wanaume wengi wa mji huu kabla migodi haijafungwa katika miaka iliyofuata ule mgomo mkubwa wa 1984 na 1985. Nyumbani ningemwamkia shikamoo na kumwita babu. Huku anataka nimwite kwa jina lake, na yeye ananiita "love", kama anavyomwita kila mtu. Asubuhi nikishamvalisha sweta, hunyoosha kidole kuelekea meza ndogo ya kando ya kitanda na kusema, "Pass us me glasses, love." Chumbani tupo wawili tu, na miwani ni yake peke yake. Hiyo "us" ni yeye mwenyewe, na hiyo "me" ni "my". Siku mkewe akija kumtazama huketi pale dirishani akasimulia mambo ya jirani: "I were sat in t'kitchen and she were stood at t'door." Yaani yeye alikuwa amekaa jikoni na mwenzake amesimama mlangoni. Sentensi hiyo ingeandikwa kwenye daftari letu la kidato cha pili ingerudi imejaa wino mwekundu.

Lakini sikiliza vizuri, utaona kwamba hawaongei ovyo. Hapa Barnsley "us" ya mtu mmoja naisikia zaidi kwenye maombi: nipe, niazime, nipitishie. Hakuna anayeanza sentensi nayo akajisemea kwamba "us" ana njaa. Ukienda Newcastle inatanuka zaidi, mtu anasema "he telt us" akimaanisha yule bwana alimwambia yeye. Huko huko wengi wakizungumza na kundi husema "yous", kwa sababu "you" ya vitabuni haikuonyeshi kama anasemeshwa mtu mmoja au ukumbi mzima. Sisi tuna wewe na nyinyi, pengo hilo hatulijui. Watu wa Newcastle wameliziba kwa akili zao, na wanaelewana bila shida.

Na kwa mtu aliyelelewa kwa Kiswahili, wingi wa namna hii si mgeni. Mtu yuko peke yake kwenye dirisha la ofisi anasema, "Dada, tusaidie jamani." Kijana aliyezaliwa peke yake anasema "kwetu" na "nyumbani kwetu", na hakuna anayemuuliza hao wengine wako wapi. Wingi unalainisha ombi, unamtoa mtu mbele asionekane anajidai. Watu wa Yorkshire, jimbo la huku Barnsley, wanayo tabia hiyo hiyo hata kwenye majina ya ndugu: dada yake mtu anatajwa kwa "our" mbele ya jina, dada yetu fulani, hata kama anayesikiliza hana undugu naye. Mara ya kwanza kulisikia hilo nilijihisi nimekaa barazani Ngamiani, kule kwetu Tanga. Kwenye vitabu vya sarufi nilivyosomeshwa sikuwahi kuhisi hivyo.

Kuna jambo ambalo natamani kila mwalimu wa Kiingereza nyumbani angelijua na kuwaambia wanafunzi wake. Zamani Waingereza walikuwa na "thou" na "thee" za mtu mmoja, na "ye" na "you" za watu wengi, na "you" ilikuwa ya anayetendewa tu. Wakaanza kumwita mkubwa mmoja kwa wingi, kwa heshima. Heshima ikaenea mpaka kwa kila mtu, na "you" ikameza nafasi zote nne. Yaani ile "you are" ya ukurasa wa kwanza wa kitabu cha mtoto wako ni neno la wingi la mtendwa lililohamishwa likakaa mahali pa mtenda mmoja. Ndicho anachofanya mzee wangu na "us" yake. Tofauti ni kwamba hiyo ya kwanza ilikubaliwa na wenye vyeo.

Hata "you was" ina historia. Katika karne ya 18 watu waliosoma waliitumia wakimsemesha mtu mmoja, maana mmoja ni "was". Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi kilicholaani matumizi hayo, na shule zikafuata mkondo huo. Mitaani watu wakaendelea kusema walivyosema. Wazee wa Barnsley hadi leo wanasema "thee" na "tha", nao huwatania majirani zao wa Sheffield kwa jina la "dee-dahs" kwa namna wale wa Sheffield wanavyoyatamka maneno hayo mawili. Na ile "'em" ambayo tuliambiwa ni uvivu wa ulimi wa kutamka "them" ni kongwe kuliko "them" yenyewe. Inatokana na "hem" ya Kiingereza cha kale. "Them" ililetwa na Waviking, wavamizi kutoka Skandinavia, wale walioiteka York mwaka 866.

Nisije nikaonekana nawapamba Waingereza. Nao wanapimana kwa midomo, na wanaumizana. Binti mmoja ninayefanya naye zamu, mzaliwa wa hapa hapa, simu ya daktari ikiita hukaa wima, akabadili sauti, na kila "were" yake ikarudi kuwa "was". Akikata simu hurudi kwenye lugha ya mama yake. Aliniambia alianza kufanya hivyo tangu shule, baada ya kuambiwa kwamba anaongea kama mtu asiyekwenda mbali. Nilimsikitikia sana, kwa sababu maneno hayo nimeyasikia Tanga, yakiambiwa watoto ambao hiyo si hata lugha yao.

Najua atakayenijibu kwamba mtoto wa kidato cha kwanza anayesema "he go" si mtu wa Yorkshire mwenye lahaja yake, ni mwanafunzi aliyekosea. Kweli. Asahihishwe. Mtihani wa taifa unataka Kiingereza sanifu, na anayetaka kuja kufanya kazi huku ataambiwa akafanye IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Ugomvi wangu si na sarufi. Ugomvi wangu ni na kicheko, na vile vibao ambavyo kuna shule huwavisha watoto shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia sekondari anakuta biolojia na jiografia zimegeuka Kiingereza kwa mkupuo. Anajua jinsi mmea unavyotengeneza chakula, angeweza kukueleza hatua kwa hatua. Mwalimu akiuliza, anatazama dawati, kwa sababu hana uhakika kama ni "was" au "were". Tumempoteza mwanabiolojia kwa kitenzi ambacho mzee wangu wa Barnsley hakitumii sawasawa na kitabu tangu azaliwe.

Hata kwenye Kiswahili chetu tuna tabia hii. Kikao cha Mombasa cha mwaka 1928 kilipochagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, Kimvita cha Mombasa na Kiamu cha Lamu, zenye tenzi za karne na karne, zilibaki pembeni. Leo Mkongo akisema "batoto" watu wanashika mbavu, ilhali ameeleweka barabara.

Mdogo wangu anafundisha Kiingereza katika sekondari moja wilayani Muheza, na mambo haya tumeyajadili sana kwa simu. Sasa dakika kumi za mwanzo za kipindi chake wanafunzi wanaongea tu: mechi ya jana, mama aliyekwenda sokoni, mvua. Hakuna kumkatiza mtu na hakuna kucheka. Yeye anaandika makosa pembeni bila majina, halafu wanayasahihisha pamoja ubaoni. Ananiambia wale wa viti vya nyuma wameanza kunyoosha mikono. Mkuu wa shule ameona kelele zimezidi na anataka mpango huo usitishwe. Mdogo wangu ameomba aachiwe walau hadi mtihani wa nusu muhula, wakaone matokeo.